Mji Kupanuka Si Kuendelea

Wengi wetu tukiona maghorofa ya Kariakoo husema mji umeendelea. Mimi naomba tuanze na hesabu. Sensa ya 2012 iliikuta Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Yaani, kwa wastani, kila siku waliongezeka watu wapatao 280. Je, wote hawa wanalala wapi, na wanakula kwa kazi gani?

Tuchukue mfano wa Bonde la Msimbazi. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na katikati ya mji. Baadhi yao walirudi bondeni, nasi tukawaita wakaidi. Nami nilikuwa miongoni mwa waliolaumu, mpaka nilipopiga hesabu ya nauli. Mama lishe wa Kariakoo akitoka Mabwepande alfajiri na kurudi usiku, atabaki na nini mkononi?

Funzo ni kwamba kiwanja kisicho na kazi wala usafiri wa karibu si makazi. Basi anayeutafiti mji asihesabu maghorofa tu, bali aulize pia riziki ya mtu iko umbali gani na anapolala. Tusipouliza hivyo, mafuriko mengine yatawakuta ndugu zetu palepale bondeni.