Kituko, Mapenzi, Burudani na "Wajua?": Ninavyoandaa Dakika Kumi za Asubuhi

Kipindi changu redioni ni kifupi, dakika kumi tu kabla ya taarifa ya habari ya saa moja. Wanaonisikiliza wako jikoni, wako kwenye daladala, wengine wanahangaika kumvalisha mtoto soksi. Hawataki mhadhara. Wanataka kitu cha kuwachekesha na kitu cha kwenda kusimulia kazini. Vijana wanaoanza utangazaji huniuliza vitu hivyo navitoa wapi na navipangaje, basi leo nawapa utaratibu wangu. Msingi wake ni mmoja: kituko cha kweli humshinda mbali yule anayetunga. Ukikisaka vizuri, hutakuwa na haja ya kuongeza chumvi.

1. Fungua na kituko, lakini kikague

Kila kituko kinachonifikia nakiuliza: kilitokea wapi, lini, na nani alikishuhudia? Kikikosa majibu, hiyo ni chai. Kikiwa nayo, nakifuatilia hadi kwenye chanzo.

Chukua kicheko cha Kashasha. Mitandaoni husimuliwa kwamba Tanganyika watu waliwahi kucheka mwaka mzima bila kupumzika. Walikula saa ngapi? Walilala saa ngapi? Lakini ukichimba unakuta kisa cha kweli, tena kitamu kuliko hicho. Januari 30, 1962, wiki chache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu katika shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, upande wa Bukoba, walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Wenzao wakaambukizwa. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walifika 95, na Machi 18 shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, kicheko kikaenda nao, kikazuka Nshamba na kwingineko.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walikichunguza na kuchapisha ripoti yao mwaka 1963. Hawakukuta sumu wala kijidudu. Kicheko chenyewe kilikuwa cha kuja na kuondoka, dakika chache au saa kadhaa, kisha kinatulia na kurudi tena, na mara nyingi kiliandamana na kilio na hofu. Na walimu? Hakuna hata mmoja aliyepatwa.

Hapo kwa walimu ndipo ninapowaachia wasikilizaji wacheke wenyewe. Sikejeli wale wasichana, kwa kuwa walikuwa watoto wenye hofu. Kanuni yangu ni kucheka na tukio, si kumcheka aliyeumia.

2. Mapenzi: soma ujumbe, ficha mtu

Hapa ndipo simu zinapofurika. Msikilizaji mmoja aliniandikia kwamba simu yake ilipotea humo humo ndani, akachukua ya mumewe ajipigie ili aisikie inakolia. Kuandika namba yake, kioo kikamletea jina: "Fundi Bomba."

Kabla ya kuusoma ujumbe wa namna hii naomba ruhusa, kisha naondoa jina, mtaa, kazi na idadi ya watoto. Mtaa wenye majirani makini hauhitaji zaidi ya dalili mbili kumjua mtu. Halafu sitoi hukumu, natoa swali: wewe ungefanyaje? Siku ile akina mama walitaka damu. Bwana mmoja akapiga simu kutetea: "Mtangazaji, mfikirie huyo mume vizuri. Fundi bomba ndiye mtu pekee ambaye akipiga, lazima upokee!" Mwenye ujumbe aliniandikia baadaye kwamba naye amembadilisha mume jina. Sasa anaitwa "Luku", kwa sababu huisha kabla ya mwisho wa mwezi.

Ugomvi wa utani unasomwa hewani. Ujumbe wa kipigo hausomwi. Huo namjibu mwenyewe faraghani na kumwelekeza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Hata kwenye ugomvi mdogo sijifanyi hakimu, kwa sababu ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na mke na mume ni zaidi ya ndugu.

Siku nikikosa ujumbe, nageukia kanga. Kila mtu ana kisa cha kanga. Kuna pindo linalozunguka, kuna mji wa katikati, na kuna jina, yale maneno ambayo mama anamgeuzia jirani mgongoni bila kufungua mdomo. Hapo nachomeka historia kidogo: duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, lilianza Mombasa mwaka 1887, na kanga zake zikavaliwa pwani yote. Kisha nauliza: wifi yako alikupa kanga yenye jina gani ulipoolewa? Baada ya swali hilo kazi yangu ni kupokea simu tu.

3. Burudani: kazi kabla ya chumbani

Tetesi za nani kaachana na nani huzeeka kabla ya chakula cha mchana, na zinaweza kukuponza: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimwangalii vizuri anayesambaza uongo. Mimi natumia kalenda. Septemba 5 nawakumbusha watu kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Siku nyingine namleta Siti binti Saad, mtoto wa wafinyanzi aliyepita mitaani akiuza vyungu, na ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Msikilizaji akisikia hayo hakumbuki tena kuuliza nani kaposti nini usiku.

4. Funga na "Wajua?"

Hii naiweka mwisho kwa sababu ndiyo watu wanayoshuka nayo kwenye daladala. Iwe fupi, iguse kitu wanachokijua, na iwe na ngazi ya pili kwa mtu atakayebisha. Mfano, pweza ana mioyo mitatu. Mbishi akiuliza ya nini yote hiyo, unamjibu: miwili inasukuma damu kwenye mashavu ya kupumulia, mmoja unaisambaza mwilini. Akizidi kubisha, mwongeze kwamba damu yenyewe ni ya buluu, kwa sababu inabeba hewa kwa madini ya shaba, wakati yetu inatumia chuma.

Nilipoitoa hewani, mama mmoja wa Tanga alipiga akiwa mkali kweli: "Kumbe! Ndiyo maana mume wangu, tangu aanze kunywa supu ya pweza, moyo mmoja haumtoshi!" Hapo sehemu ya pili na ya nne ziliungana zenyewe, na fundi mitambo akasahau kufungulia taarifa ya habari kwa wakati.

Kabla ya kwenda hewani

Andika kila kipengele kwa sentensi tano au sita, kisha kisimulie kwa mdomo bila kusoma. Kama huwezi, bado hujakielewa. Mimi namsimulia mlinzi wetu wa getini, mzee asiyedanganyika. Akicheka, kimepita. Akiuliza "ikawaje?", kimepita zaidi. Akisema "mwanangu, hiyo chai", narudi ndani kutafuta chanzo, na kama hakipatikani, asubuhi hiyo tunapiga muziki.