Chakula cha mbwa si chakula cha paka: somo lililonigharimu mteja

Duka langu liko karibu na Forodhani. Paka wa huku mnawajua, jioni wamejipanga chini ya meza za mishkaki.

Mwanzo nilipouza chakula chao, siku moja kiliisha. Akaja bi mkubwa mmoja, mteja wangu. Nikamwambia, "Chukua hiki cha mbwa, Mama, ni kitu kimoja tu, na bei rahisi." Akakizoea, akanunua miezi mingi. Baadaye paka wake akawa anajigonga milangoni. Daktari wa mifugo akamwambia tatizo ni chakula. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mie sijui kusoma ile paketi, nilikuamini wewe." Yale macho hayakurudi.

Ndo nikakaa chini kujifunza. Haya hapa:

1. Paka anahitaji taurini, iliyomo kwenye nyama na samaki. Mbwa kwa kawaida mwili wake unaitengeneza, wa paka hautengenezi ya kutosha. Ikikosekana muda mrefu, macho na moyo huharibika. La moyo wanasayansi wa Marekani walilionesha mwaka 1987.

2. Usiuze picha ya samaki, geuza paketi. Viambato hupangwa kwa uzito, kizito zaidi kinatangulia. Tafuta pia panapoandikwa kama ni chakula kamili au cha nyongeza, cha mnyama gani na wa umri gani.

3. "Maini, figo na moyo ni uchafu." Si kweli. Moyo una taurini nyingi.

4. "Paka mpe maziwa." Paka wakubwa wengi yanawaharisha. Mpe maji, hasa akila chakula kikavu.

5. "Mabaki yetu yanamtosha." Angalia mchuzi: vitunguu maji na thomu vinaharibu damu ya paka.

Ukipima rejareja, kila kifuko andika ni cha paka au cha mbwa, na tarehe ya mwisho. Kikiisha, sema kimeisha. Faida ya paketi moja haifiki popote, mteja akiondoka na imani yake huipati tena.

Yule mama bado anapita mbele ya duka. Tunasalimiana vizuri tu, ila chakula cha paka ananunua kwengine.

Wewe, dukani kwako kuna bidhaa gani unauza na hujawahi kusoma nyuma yake? Anza nayo leo.