KASIBA YA BUNDUKI: UREFU WAKE NA MSOKOTO WAKE

Watu wengi waonapo bunduki mbili, moja ya kasiba ndefu na nyingine ya kasiba fupi, hukata shauri upesi kwamba ile ndefu ndiyo yenye shabaha njema. Fikira hiyo ina ukweli kidogo na kosa kubwa. Kasiba, yaani bomba ambamo risasi hupita, hupimwa kwa mambo mawili: urefu wake, na msokoto wa mifuo iliyochongwa ndani yake. Kila jambo lina kazi yake. Asiyezitenga kazi hizo huweza kununua bunduki ya thamani kubwa, kisha asipate alama kwa risasi alizo nazo. Kwa mwindaji mwenye kibali, au kwa askari wa wanyama, hasara hiyo si ya fedha tu. Nyati aliyejeruhiwa vibaya akaingia kichakani huteseka, na aghalabu humngojea yule anayemfuata.

KAZI YA MSOKOTO

Gobori la zamani lilikuwa na kasiba laini, na risasi yake ilikuwa ya mviringo kama gololi. Risasi za baadaye zilifanywa ndefu, kwa kuwa risasi ndefu hukata hewa vizuri na kufika mbali. Lakini risasi ndefu ina taabu yake: hewa huisukuma mbele, na uzito wake uko nyuma, basi hutaka kupinduka. Dawa yake ni kuizungusha. Pia ya watoto husimama wima maadamu yazunguka kwa kasi, na ikipungua kasi huyumba na kuanguka. Hali kadhalika risasi. Mifuo ya kasiba huishika na kuizungusha kabla haijatoka mdomoni.

Msokoto hutajwa kwa hesabu ya inchi ambazo risasi husafiri hata itimize mzunguko mmoja. Bunduki ya Kiingereza ya Lee-Enfield ilikuwa na msokoto wa moja kwa inchi 10. Risasi yake ya Mark VII, iliyoanza kutumika mwaka 1910, ilitoka kwa mwendo wa futi 2,440 kwa sekunde, kwa hiyo ilizunguka zaidi ya mara 2,900 kwa sekunde moja. Hesabu ya inchi ikiwa ndogo, msokoto ni mkali. Ikiwa kubwa, msokoto ni mlegevu.

Mwaka 1879 George Greenhill, mwalimu wa hesabu wa maofisa wa mizinga huko Woolwich, Uingereza, alitoa kanuni nyepesi kwa risasi za madini ya risasi. Upana wa risasi kwa inchi huzidishwa kwa wenyewe, jawabu huzidishwa kwa 150, kisha hugawanywa kwa urefu wa risasi. Mathalan, risasi yenye upana wa inchi 0.3 na urefu wa inchi 1.2 hutoa jawabu 11.25. Kasiba ya moja kwa inchi 10 yaitosha. Lakini risasi ya upana ule ule yenye urefu wa inchi 1.5 hutoa jawabu 9, na kasiba ile haitaiweza. Basi kinachoamua msokoto hasa ni urefu wa risasi, wala si urefu wa kasiba.

FUNZO KUTOKA MAREKANI

Bunduki iliyokuja kuitwa M16 ilianza na msokoto wa moja kwa inchi 14. Katika hewa ya joto risasi zake ziliruka sawasawa, ingawa kwa shida kidogo. Zilipojaribiwa katika baridi kali, ambamo hewa huwa nzito, zilianza kuyumba. Mwaka 1963 msokoto ukakazwa kuwa moja kwa inchi 12. Katika miaka ya 1980 jeshi lilipochukua risasi ndefu zaidi, pamoja na ile ndefu sana yenye kuwaka njiani, msokoto ukakazwa tena hata moja kwa inchi 7. Risasi ilibadilika kwanza, na kasiba ikafuata.

Hata hivyo ukali wa kupita kiasi haufai. Risasi yenye kasoro ndogo huonyesha kasoro yake zaidi izungushwapo mno, na risasi nyepesi yenye ganda jembamba huweza kupasuka hewani.

KAZI YA UREFU

Urefu wa kasiba huipa risasi mwendo, kwa kuwa moshi wa baruti hupata nafasi ndefu ya kuisukuma. Katika bunduki nyingi za nguvu, kila inchi inayokatwa hupunguza mwendo kwa kadiri ya futi 20 hadi 50 kwa sekunde. Katika bunduki ndogo za .22, baruti humaliza nguvu zake mapema, na kasiba ya inchi 16 hadi 18 yatosha.

Bunduki ndefu ya Lee-Enfield ilikuwa na kasiba ya inchi 30.2. Waingereza walipoifupisha kuwa inchi 25.2, mwanzoni mwa karne ya 20, wapo mafundi waliolalamika kwamba shabaha itaharibika. Lakini bunduki hiyo fupi ilitumika katika vita vyote viwili vya dunia. Kupita kiasi kulikuja baadaye. Bunduki ya No. 5 ya mwaka 1944, ambayo askari wa King's African Rifles walikuwa nayo Kenya katika miaka ya 1950, ilikuwa na kasiba isiyofika inchi 19. Ilikuwa nyepesi na rahisi kubebwa msituni, lakini ilipiga bega kwa nguvu, na moto wa mdomo wake ulikuwa mkubwa hata ikawekewa kizuizi.

KUPIMA NA KUCHAGUA

Mtu asiyejua msokoto wa bunduki yake aweza kuupima. Kwanza na ahakikishe kwamba bunduki ni tupu. Kisha aingize mdeki unaozunguka katika mpini wake, wenye kitambaa kilichokaza, aweke alama juu yake, na ausukume polepole. Alama ikirudi mahali pake baada ya mzunguko mmoja, inchi ambazo mdeki umesafiri ndizo msokoto. Na ikiwa matundu katika karatasi ya shabaha ni marefu badala ya kuwa mviringo, risasi zinafika ubavu; mara nyingi sababu ni msokoto usiozitosha.

Basi utaratibu ulio bora ni huu: kwanza ichaguliwe risasi iifaayo kazi, pili msokoto uitoshao risasi hiyo, na mwisho urefu wa kasiba unaofaa mahali pa kazi, kichakani au mbugani. Anayeanza na urefu wa kasiba ameanza mwisho.