Safari ya Kutalii Isigeuzwe Safari ya Hospitali

Barua ya juma hili imetoka kwa mama mkulima wa majani chai huko Nyansiongo, na baada ya kupunguzwa sana imebaki na mambo machache. Mwanawe wa kiume ana umri wa miaka 19, na alibainika kuwa na usonji alipokuwa shule ya msingi. Kijana huyo hapendi kitu chochote kama anavyopenda treni. Amenakili katika daftari, kwa mistari iliyopigwa rula, ratiba ya treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma, kituo kwa kituo na dakika kwa dakika. Mama ameweka bonasi yake ya chai ili wasafiri pamoja wakaione, na anauliza kuhusu pasipoti, kelele za njiani na chakula. Chini ya sahihi yake, kana kwamba ni jambo dogo lililosahaulika, ameongeza maneno haya: "Kanisani na kwenye chama wanajua tunampeleka hospitali Tanzania, na wengine wameshachanga. Nimfundishe vipi asitaje treni mbele ya watu?"

Maswali matatu ya kwanza yana majibu mafupi, nayo yatangoja. Hilo la chini ya sahihi ndilo lililoiandika barua.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huwa nayo tangu utotoni na huishi nayo maisha yake yote, nayo humfanya apokee sauti, mwanga, mguso na mazungumzo ya watu kwa namna isiyo ya wengi. Si maradhi, na hakuna dawa wala upasuaji unaouondoa, ingawa mafunzo ya lugha, ya stadi za kila siku na ya kujituliza humsaidia mtu kuishi vizuri zaidi. Wengi wenye hali hii huyachukua maneno kama yalivyotamkwa, na huona shida kubwa kushika hadithi mbili kwa wakati mmoja, moja ya nyumbani na nyingine ya kanisani. Mama huyu, ambaye hana usonji, ameshindwa kuubeba uongo wake mwenyewe hata akalazimika kuandikia gazeti, na sasa anatafuta namna ya kumtwika mwanawe mzigo uleule. Hapo anastahili kukemewa bila kuzungushiwa maneno.

Madhara yake hayaishii kwenye ulimi. Kijana anayefundishwa kunyamaza kuhusu jambo analolipenda kuliko yote hujifunza kwamba furaha yake ni aibu ya familia. Isitoshe, njia ya mwongo ni fupi, na hii itakatika siku ya kurudi. Aliyekwenda kutalii akirudi huulizwa ameona nini. Aliyekwenda kutibiwa akirudi huulizwa kama amepona. Kijana wa Nyansiongo atarudi akiwa na maelezo ya saa nzima kuhusu nyaya za umeme zilizo juu ya reli na paa la stesheni ya Dar es Salaam lililochongwa kwa mfano wa jiwe la tanzanaiti, na hakuna atakayeyasikiliza, kwa kuwa kila jicho litakuwa likimpima kama bado anapunga mikono na kama bado anaziba masikio kwaya inapopandisha sauti. Atakuwa ameondoka mwenye afya, na atarudi akihesabiwa mgonjwa aliyeshindikana.

Pamoja na ukali huo, haki inadai isemwe kwamba aibu hii mama hakuianzisha yeye. Leo Kanner, daktari wa maradhi ya akili ya watoto aliyefanya kazi Marekani, alipochapisha maelezo yake mashuhuri ya usonji mwaka 1943, aliandika pia juu ya ubaridi aliodhani kuuona kwa wazazi. Dhana hiyo ilishika mizizi miongoni mwa wataalamu, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim aliieneza katika kitabu kilichosomwa sana, kiasi kwamba kwa miaka mingi mama aliyempeleka mtoto kliniki alirudi nyumbani na hukumu badala ya msaada. Aliyekuwa ameipinga kwa hoja za kisayansi mapema zaidi, mwaka 1964, ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, naye alionyesha kwamba chanzo ni cha kimaumbile wala si upungufu wa mapenzi. Ikiwa wasomi walimlaumu mama kwa kiwango hicho, si ajabu majirani wakanong'ona juu ya laana, mwiko uliovunjwa au jicho la mtu. Mama wa Nyansiongo amejifunza kwamba mtoto wake anakubalika mbele ya watu akiwa mgonjwa tu, kwa sababu mgonjwa huombewa, na anayeombewa hasengenywi.

Hata hivyo, chini ya aibu hiyo kuna imani nyingine ambayo safu hii inaipinga kwa nguvu zote, nayo ni kwamba raha ya mtu mwenye ulemavu ni ubadhirifu mpaka iombewe ruhusa. Katika vijiji vingi safari ndefu huhesabiwa halali ikiwa ni ya msiba, ya hospitali, ya karo au ya harusi. Kijana mwingine yeyote akitoka kwenda kuona nchi za watu huambiwa "tembea uone" na hupewa baraka. Huyu akitoka, watu watauliza faida iko wapi. Mama alilisikia swali hilo kabla halijaulizwa, akalijibu kwa uongo. Lakini majani ya chai aliyachuma yeye, kwa umande wa asubuhi na kwa kikapu mgongoni, na bonasi iliyotokana na mikono hiyo haina mtu wa kuitolea hesabu nje ya nyumba yake.

Sheria nayo iko upande wa treni. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu, na hata ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, unataja katika ibara yake ya 30 haki ya kushiriki utamaduni, burudani, mapumziko na michezo, na unagusa waziwazi maeneo ya utalii. Hakuna mahali katika maandishi hayo palipoandikwa kwamba burudani hiyo sharti ije na cheti cha daktari.

Wala faida ya safari haipaswi kupimwa kwa kipaji kitakachoonekana. Hupendwa kutajwa Stephen Wiltshire, mchoraji wa London mwenye usonji aliyezaliwa mwaka 1974, ambaye alizunguka miji ya Ulaya akiwa kijana, na ambaye mwaka 2005 aliruka kwa helikopta juu ya Tokyo kisha akauchora mji huo kwa kumbukumbu kwenye turubai la mita kumi. Mfano huo ni mzuri, ila una hatari yake, kwani unaweza kumfanya mzazi amdai mtoto kipaji kama nauli. Kijana wa Nyansiongo hatakiwi kuchora chochote. Inatosha aione treni.

Tena amechagua kwa akili. Treni ya Madaraka iliyoanza kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 huvutwa kwa dizeli, ilhali ile ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro na kisha Dodoma katikati ya mwaka 2024, hutumia umeme. Reli yake ina upana wa milimita 1,435, tofauti na ile ya zamani ya huko Tanzania, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905 kwa upana wa mita moja. Anayetaka kuona tofauti ya umeme na dizeli kwa macho hana budi kuvuka mpaka, na sababu hiyo ni ya heshima kuliko nyingi zinazowavusha watu wazima.

Sasa majibu mafupi. Kijana ni mtu mzima, hivyo ataomba pasipoti kwa jina lake kupitia eCitizen na kufika mwenyewe kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe tayari pia. Mpaka wa karibu ni Isebania na Sirari, ambako inafaa afisa aelezwe mapema, kwa sauti ya chini, ili kijana asingojeshwe kwenye foleni ndefu. Kadi ya Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, kama anayo, itamsaidia upande wa Kenya. Wapumzike njiani, Mwanza, wasiunganishe basi na basi. Wabebe vizuia sauti vya masikioni na chakula alichokizoea. Akilemewa, yaani hisia zikimzidi hata akapiga kelele au kujikunyata, hiyo si jeuri, na dawa yake ni mahali tulivu na maneno machache. Aulizwe pia anataka treni ipi, maana ile ya haraka iitwayo mchongoko husimama vituo vichache, na daftari lake lina vituo vyote.

Kabla ya hayo yote, mama arudi kwenye chama akiwa na fedha mkononi na kusema: "Mama zangu na dada zangu, safari hii si ya hospitali. Kijana anakwenda kuona treni ya umeme, na mchango wenu huu hapa." Wapo watakaokunja uso, na wapo watakaoziacha fedha zile kwa hiari yao ziwe za nauli; hao wa pili ndio wa kuletewa habari za safari. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya daktari haiwezi kukata tiketi ya treni bila ridhaa ya aliyeitoa, hata ikiwa ni shilingi mia. Mchango urudishwe kwanza, tiketi ikatwe baadaye, na kijana aachwe azungumzie treni yake popote, kanisani kukiwemo.