SOMO: Shule Inayosafiri na Mtoto



Sisi tuliovuka mpaka tunajua kwamba shule haibebeki. Tuliacha madarasa, vitabu, na wengine hata ripoti za watoto. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa kule Kongo akifika hapa Uganda hukuta masomo kwa Kiingereza, na mtihani wa PLE unamngoja mwisho wa darasa la saba. Tena hatujui kesho tutahamia wapi. Kwa hiyo somo letu ni hili: tumsaidie kila mwanafunzi kuwa na vyombo vyake mwenyewe vya kujifunzia, vinavyokwenda naye.

Tunasema "vyake mwenyewe" kwa sababu kompyuta za kituo ni nzuri, lakini mlango ukifungwa, masomo nayo hufungwa. Simu ya baba nayo ni ya nyumba nzima. Memori kadi haizidi ukucha wa kidole gumba. Mtoto anaweza kuwa na yake hata kama hana simu, akaitia katika simu ya mzazi kwa saa waliyopatana.

Vyombo visiwe vingi. Vinne vyatosha, kila kimoja na kazi yake.

1. Cha kusoma. Kiwix ni programu ya bure. Ukishapakua mara moja mahali penye intaneti, unasoma Wikipedia bila kununua bando. Iko ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, iko ya Kifaransa, na ya Kiingereza chepesi inayowafaa wanaoanza lugha. Ile kamili ya Kiingereza ni kubwa mno kwa simu nyingi. Chukueni matoleo madogo. Mmoja akiipata, wengine wainakili kwake. Lakini Wikipedia huandikwa na watu wengi wa kujitolea, basi jambo la mtihani lilinganishwe na kitabu cha shule.

2. Cha lugha. African Storybook, mradi uliotoka Afrika Kusini, hutoa hadithi za watoto bure kwa lugha nyingi, na hadithi moja huweza kupatikana kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mtoto aisome kwanza kwa lugha anayoijua, ndipo aisome kwa Kiingereza. Maneno mapya ayaandike katika AnkiDroid, ambayo ni ya bure pia. Neno analolikosa litarudi upesi, analolijua litakawia.

3. Cha kutunza. Mwanafunzi apige picha za daftari lake, kila somo katika folda yake. Mwalimu akiruhusu, arekodi maelezo yake. Zaidi ya yote, apige picha za ripoti na vyeti vya shule. Karatasi hulowa na kupotea njiani. Picha haichukui nafasi ya cheti, lakini aliye nayo ana pa kuanzia anapoomba nafasi ya shule au nakala mpya. Nakala nyingine aitume kwenye barua pepe yake. Picha za vyeti zisiachwe katika simu ya watu wengi.

4. Cha kuuliza. Hapa chombo ni watu. Aandike namba za mwalimu mmoja na wenzake wawili au watatu wa darasa moja. Wakutane kila wiki, kila mmoja alete swali lililomshinda. Programu humwonyesha jibu, lakini mwenzake ndiye ataona amekosea wapi.

Wazazi, tusimchagulie mtoto kila kitu. Tumwulize kwanza: "Somo gani linakulemea?" Kisha atafute chombo kinachojibu shida hiyo, akitumie mwezi mmoja, atueleze kimemsaidia nini. Kisichosaidia akifute, maana nafasi ya kadi na chaji ya simu ni haba. Akizoea hivyo, popote atakapofika atajua namna ya kujijengea masomo yake.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Vyeti vya watoto wetu viko wapi leo, na nakala iko wapi?
2. Saa gani simu ya nyumba itakuwa ya masomo, na zamu ya wasichana ni ipi?
3. Nani jirani yetu hana simu, nasi tunaweza kumkaribisha mtoto wake?

Bwana awabariki, nasi tuonane katika somo lijalo.