Kompyuta Ikisema Umekosea

Mwanafunzi mpendwa, andika kwenye programu ya Kiswahili: "Niko nasoma." Huenda ikakuwekea alama nyekundu na kukutaka uandike "Ninasoma."

Mwenzako ambaye wazazi wake wametoka Dar es Salaam hatajali, maana ndivyo wasemavyo kwao. Lakini wewe ambaye hapa Hillbrow nyumbani mnazungumza Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi, unaweza kuichukia kompyuta. Vibaya zaidi, unaweza kuanza kuyaonea haya maneno ya mama yako.

Usione haya. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Vitabu na kamusi vilifuata njia hiyo, na programu za kompyuta zikafuata vitabu. Alama nyekundu ina maana moja tu: hiki si sanifu. Haisemi kwamba mama amekosea.

Kompyuta ina faida yake. Hurudia mara mia bila kuchoka, wala haikucheki ukichanganya ngeli. Lakini "Shikamoo" inataka mtu mzima wa kuitikia "Marahaba."

Zoezi: Andika sentensi 3 mnazosema nyumbani. Kando yake andika za sanifu, kisha msomee mzazi zote.

Mfano: Niko nakula. / Ninakula.

Wazazi, mtoto akiwaambia, "Kompyuta imesema mnakosea," msimkaripie. Mjibuni: "Kwetu tunasema hivi, kwenye mtihani andika vile. Vyote ni vyako."