Jiwe, uzi na saa: kujifunza fizikia darasani na nje ya darasa

Kila vijana wanapokaribia kumaliza kidato cha pili, bwenini husikika swali moja: "Wewe unaendelea na fizikia au unaiacha?" Wengi wanaoiacha hawakuichukia tangu mwanzo. Walichoka kukariri kanuni ambazo hawakuwahi kuona zikifanya kazi. Lakini anayeiacha amejifungia milango ya PCM, PCB na PGM, naye huenda ana miaka 15 tu na bado hajui angependa kuwa nani.

Sisi wa kidato cha nne tuliyapitia hayo. Tunawaandikia wadogo zetu somo hili moja, ili kabla ya kuamua wafanye walau jaribio moja kwa mikono yao. Vifaa vyake ni jiwe, uzi, rula na saa yenye mshale wa sekunde.

1. Tulivyokosea

Tulianza na penduli, yaani kitu kizito kinachoning'inia kwenye uzi na kubembea. Kanuni tuliijua kwa moyo:

T = 2π√(L/g)

T ni muda wa kwenda na kurudi mara moja, L ni urefu wa penduli, na g ni mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Kitabuni g ni 9.8 m/s². Kazi yetu ilikuwa kuipata wenyewe.

Kwa penduli ya mita moja tulipata 10.9. Tukarudia, ikaja 10.8. Muda wa maabara ulikuwa unaisha, na mmoja wetu akanong'ona: "Tuandike 9.8 tu, nani atajua?" Tukapika namba. Mwalimu alipozipitia alituuliza swali moja tu: "Mlihesabuje?"

Tukamwonyesha. Tuliachia jiwe na papo hapo tukasema "moja". Hapo tulikuwa tumekosea. Jiwe linapoachiwa halijaenda wala kurudi. Hesabu huanzia sifuri. Tulipofika "ishirini", jiwe lilikuwa limekwenda na kurudi mara 19 tu. Muda ukaonekana mfupi kuliko ulivyo, na g ikawa kubwa.

Tuliona aibu, ila si kwa sababu ya kukosea. Ile 10.9 ilikuwa inatuambia ukweli kuhusu kosa letu. Ile 9.8 ya kupika isingetufundisha kitu.

2. Fanya hivi

Funga jiwe dogo kwenye uzi usionyumbuka na ulitundike kwenye msumari au tawi lisilotikisika. Pima urefu kuanzia uzi unapofungwa juu hadi katikati ya jiwe, si hadi fundo. Ukiishia kwenye fundo unapunguza sentimita mbili au tatu, na kwa penduli fupi hilo ni kosa kubwa.

Vuta jiwe pembeni kidogo tu, isizidi nyuzi 10, kisha liachie bila kulisukuma. Liache libembee mara mbili tatu. Linapopita katikati likielekea kulia, washa saa na useme "sifuri". Kila linapopita tena katikati likielekea upande uleule, ongeza moja. Simamisha saa kwenye 20.

Kwa nini 20 na si moja? Kidole huchelewa kubonyeza saa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukipima mara moja, kosa lote linaiangukia T. Ukipima mara 20 kisha ukagawanya, kosa nalo linagawanywa kwa 20.

Haya ndiyo matokeo yetu baada ya kujirekebisha:

- L = 0.25 m: sekunde 20.1 kwa mara 20; T² = 1.01
- L = 0.50 m: sekunde 28.4; T² = 2.02
- L = 0.75 m: sekunde 34.7; T² = 3.01
- L = 1.00 m: sekunde 40.2; T² = 4.04

Chora grafu ya T² kwenye mhimili wa wima na L kwenye mhimili wa mlalo. Utapata mstari mnyoofu. Mteremko wake kwetu ulikuwa 3.03 ÷ 0.75 = 4.04. Kwa kuwa g = 4π² ÷ mteremko, tulipata 39.48 ÷ 4.04, yaani karibu 9.77 m/s². Na kumbe karibu na ikweta, usawa wa bahari, g ni kama 9.78, wakati kwenye ncha za dunia inafika 9.83. Uzi na jiwe vilitufikisha karibu hivyo.

Tazama pia kwamba urefu ulipoongezeka mara nne, kutoka 0.25 hadi 1.00, muda uliongezeka mara mbili tu. Anayeliona hilo kwenye namba zake mwenyewe hahitaji kukariri alama ya kipeo.

3. Nje ya darasa

Inasimuliwa kwamba Galileo alianza kuifikiria penduli alipotazama taa ikibembea katika kanisa kuu la Pisa, akaipima kwa mapigo ya moyo wake. Mwaka 1656 Christiaan Huygens akaitumia penduli kutengeneza saa.

Hapa kwetu tunaye Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye friji wakati wa kutengeneza aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale yaliyopoozwa kwanza. Aliambiwa amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza Dkt. Denis Osborne aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, wenzake wakacheka. Osborne alilijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wawili hao wakaliandikia makala. Wanasayansi wanabishana hadi leo kuhusu lini hutokea na kwa nini. Lakini swali lilianzia kwa kijana aliyeamini alichokiona.

Nawe tazama. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu kiasi kidogo hupenya kwenye udongo na kugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto. Bodaboda anayekimbia kilomita 60 kwa saa, akifunga breki, huhitaji umbali mara nne ya yule wa kilomita 30 ili asimame, si mara mbili. Hesabu hiyo inaweza kuokoa maisha.

4. Kuhusu lugha

Wengi wetu tulidhani hatuelewi fizikia, kumbe hatukuelewa Kiingereza cha fizikia. Tulichofanya ni hiki: kila mada tunaielezana kwanza kwa Kiswahili hadi kila mmoja aweze kuisimulia bila daftari, kisha tunaiandika kwa Kiingereza cha mtihani. Asiyeweza kumweleza mwenzake, bado hajaelewa, hata kama amekariri ukurasa mzima.

5. Jipime

(a) Penduli ya sentimita 36 itachukua sekunde ngapi kwenda na kurudi mara 20? Kokotoa kwanza, kisha pima. (Tulikokotoa 24.1.)

(b) Badilisha jiwe dogo kwa kubwa, urefu hadi katikati ya jiwe ukibaki uleule. Je, muda unabadilika? Usitazame kitabuni kabla ya kujaribu.

(c) Ukipata jibu lisilofanana na la kitabu, usilifute. Liandike kama lilivyo, halafu utafute lilikotoka.

Wadogo zetu, fanyeni hayo kwanza. Baada ya hapo, atakayeiacha fizikia ataiacha akiwa anaijua.